Mshale wa Juu

Mbele ya kompyuta alikaa Mama Pacha, ambaye alijua kushona, kupatana bei na kusuluhisha ugomvi wa wapangaji wa nyumba nzima, ila kompyuta hakuijua hata kwa salamu. Nyuma yake alisimama mumewe, mkono begani pake. Yeye kompyuta aliijua kama kiganja chake, lakini macho ya kuitazama hakuwa nayo tena. Ndivyo mambo yalivyokaa wiki ile: anayejua haoni, na anayeona hajui.

"Asilimia ngapi?" aliuliza Baba Pacha.

"Kumi na moja."

"Saa ile ulisema kumi."

"Na sasa nasema kumi na moja. Si inapanda? Au ulitaka niipandishe kwa mdomo?"

Baba Pacha alicheka kidogo. Ilikuwa Jumatano, saa sita mchana, na kicheko bado kilikuwepo.

Barua ilikuwa imefika Jumatatu. Idara ya maji, alikopokea simu za malalamiko kwa miaka kumi na tisa na kuziingiza moja moja kwenye kompyuta, ilimtaka kwa lugha ya adabu tupu afike Ijumaa saa nne asubuhi, aonyeshe kama bado anaimudu kazi yake. Akishindwa, atastaafishwa kwa sababu za afya. Presha ya macho ilikuwa imemla nuru kidogo kidogo mwaka mzima, mpaka asubuhi moja, miezi minne nyuma, alipouliza mbona hawajafungua madirisha, na madirisha yalikuwa wazi. Tangu hapo likizo ya ugonjwa, na sasa likizo imekwisha. Pacha walikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, na cherehani ya mama yao ilileta ya sabuni na mboga, basi. Kazi ile ikiondoka, pacha wanarudi nyumbani. Hilo halikuhitaji kuelezwa na mtu.

Dawa ilikuwa moja. Chama cha wasioona kilikuwa na programu inayosoma kwa sauti, kwa Kiswahili safi, kila kinachoandikwa kwenye skrini. Mtu akiwa nayo anafanya kazi ya ofisini kama mwenye macho yake. Haikuuzwa. Ila lilikuwa faili kubwa, na chama hakikuwa na uwezo wa kukodi mtambo wa kulihifadhi, kwa hiyo wanachama waligawiana wao kwa wao: kompyuta ya huyu inampa yule kipande, ya yule inampa huyu kipande kingine, mpaka kila mmoja analo lote. Katibu wa chama, naye haoni tangu kuzaliwa, ndiye aliyemwelekeza Baba Pacha kwa simu.

"Likienda vizuri, kesho mchana umelipata," alisema Katibu asubuhi hiyo ya Jumatano. "Ijumaa unaingia ofisini kifua mbele. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, bwana. Haya, tutaonana."

"Tutaonana kwa macho ya nani, Katibu?"

"Tutaazima!"

Wakacheka wote wawili, na Mama Pacha, aliyekuwa akisikiliza, hakujua kama na yeye anaruhusiwa kucheka.

Baada ya chakula cha mchana kichwa kilimgonga Baba Pacha, akaenda kujilaza. "Wewe kaa nayo," alimwambia mkewe. "Usiguse kitu. Tazama tu namba."

Akakaa nayo. Upande wa chini wa skrini kulikuwa na mishale miwili. Wa kijani ulielekea chini, na pembeni yake kulikuwa na namba ya vinavyoingia. Wa pili ulikuwa mwekundu, ukielekea juu, nao ulikuwa na namba yake. Mumewe alikuwa amemwambia habari za ule wa kijani tu. Mama Pacha alivaa miwani yake ya kushonea akasogea karibu. Vinavyoingia, sitini. Vinavyotoka, tisini na tano.

Lo! Vinatoka vingi kuliko vinavyoingia! Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na picha za pacha tangu wamezaliwa, mlikuwa na vyeti, mlikuwa na karatasi zote za kazi za mzee. Na kule kwenye foleni ya maji hakukupita wiki bila mtu kusimulia jinsi fulani alivyoibiwa picha zake zikatembezwa dunia nzima. Yaani sisi tunangoja kupewa, kumbe ndio tunaopakuliwa!

Hakutaka kumwamsha. Daktari alikuwa amekataza mshtuko, na mtu aliyelala na maumivu ya kichwa haamshwi kwa habari ya wizi. Aliupeleka mshale wa kipanya polepole, akaubonyeza ule mwekundu. Kikatokea kisanduku: *Uzime kutuma?* Akabonyeza *Ndiyo*. Namba ya juu ikaanguka hadi sifuri. Mama Pacha akashusha pumzi, akajiona mwanamke aliyemdaka mwizi dirishani na kumfukuza bila kupiga kelele. Hata cherehani akaenda kuishika kidogo.

Mumewe alipoamka saa kumi aliuliza asilimia ngapi.

"Kumi na tisa."

"Na mshale wa kijani?"

Alitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akatazama tena. "Sita," alisema.

Alhamisi asubuhi ilikuwa asilimia ishirini na saba, na Baba Pacha alikuwa hacheki tena. Alikaa kwenye ukingo wa kiti akitoa amri kama mtu anayeongoza lori kurudi nyuma kwenye uchochoro.

"Izime, uiwashe. Umewasha? Sasa funga kila kitu kilicho wazi. Kuna nini kingine kimefunguka?"

"Kuna picha ya mlima."

"Hiyo ni ya nyuma, iache. Iko programu ya kuzuia virusi, ina alama ya ngao. Inafanya kazi?"

"Inazunguka zunguka."

"Hiyo! Isimamishe. Namba?"

"Saba."

"Wameunganishwa wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Watu arobaini na mmoja, wanatupa saba? Haiwezekani. Soma vizuri, mama."

"Nimesoma vizuri! Saba ni saba, hata nikiisoma kichwa chini."

Mama Pacha alisema hivyo kwa ukali, kisha akaona haya. Mumewe alikuwa ameukaza uso kuelekea skrini, kana kwamba akijitahidi zaidi ataiona. Hakuna kilichomuuma kama kuona mtu mzima anajitahidi vile.

"Basi ni intaneti," alisema Baba Pacha. "Huko juu wanaivuta yote. Nenda kamwombe mama mwenye nyumba."

Intaneti yao ilitoka ghorofani kwa mama mwenye nyumba, aliyewagawia wapangaji na kuikata kwa mkupuo mmoja siku akinuna. Mama Pacha alipanda ngazi, akabisha, akamkuta na mgeni wake wamejilaza mbele ya televisheni, tamthilia ikitiririka. Alieleza shida yake akiwa amesimama mlangoni, kwa sababu hakukaribishwa kukaa.

"Faili?" alisema mama mwenye nyumba. "Mumeo si haoni? Kwani kipofu anapakua nini, picha?"

Mgeni alicheka mpaka akakohoa. Mama Pacha naye alitabasamu. Ndiyo, alitabasamu, maana mwenye shida hachagui uso wa kuvaa. Akaeleza tena, tangu mwanzo, habari za kazi na Ijumaa.

"Haya, tamthilia tutaisimamisha mpaka kesho," alisema mama mwenye nyumba, kwa sauti ya mtu anayetoa figo. "Lakini yale mapazia yangu ya sebuleni nataka yapunguzwe. Yote sita. Na wewe nisikutoze, na mimi usinitoze."

"Nitayapunguza, dada."

"Na ukitaka iende kasi zaidi, chomeka waya kwenye ruta yenyewe. Ila ndani kwangu usiingize makompyuta. Waya unafika hapo kwenye ngazi."

Ndivyo kompyuta ilivyohamia ngazini. Waliiweka juu ya stuli, kwenye kituo cha ngazi, Mama Pacha akapiga magoti mbele yake, pazia moja mapajani akitumia mwanya huo kupiga bandi pindo lake, na Baba Pacha akakaa ngazi ya juu yake, amevaa shati la kazini ambalo hakuambiwa alivae. Wapangaji walipita wakiwaruka. Mmoja akampiga Baba Pacha teke la goti.

"Samahani mzee, sikukuona!"

"Hata mimi," alijibu Baba Pacha.

Yule mpangaji alishuka mbio kama aliyemwagiwa maji ya moto.

Waya haukusaidia. Saba ikawa tisa, tisa ikawa nane. Saa kumi alasiri walikuwa kwenye asilimia thelathini na nne, na Baba Pacha akampigia Katibu, akaiweka simu kwenye spika ili mkewe naye asikie.

"Nimemaliza kila kitu, Katibu. Waya, ngao, mama mwenye nyumba, yote. Ni kama watu wametugomea."

"Ndivyo, wamewagomea," alisema Katibu. "Sikiliza. Programu hii ina tabia ya kijiji. Anayetoa ndiye anayepewa. Kompyuta yako ikipokea kipande, inatakiwa nayo impe mwingine kile kile ilichopewa. Haitoi kitu chako kingine chochote, ni vipande vya faili hilo hilo tu. Sasa ukipokea bila kutoa, wenzako wanakuona mchoyo, wanakurusha nyuma ya foleni, unaambulia matone. Jirani hakupi chumvi kila siku kama wewe humpi hata kiberiti. Mwulize mkeo, ule mshale wa juu unasomaje?"

Sindano ilimchoma Mama Pacha kidoleni. Hakuisikia.

"Mama Pacha," alisema mumewe, "mshale wa juu unasomaje?"

Ulisoma sifuri. Ulisoma sifuri tangu jana saa nane mchana, kwa mkono wake mwenyewe. Alitazama uso wa mumewe, ngazi moja juu yake, umeinamishwa kwake, unangoja neno lake kama mtu anayengoja kuwekewa chakula mkononi. Akataka kusema. Wallahi alitaka. Lakini ulimi ulitangulia kushika njia yake.

"Arobaini," alisema.

"Arobaini!" Baba Pacha alipiga paja. "Umesikia, Katibu? Siyo hiyo."

"Basi sijui tena," alisema Katibu. "Ombeni Mungu."

Walipokuwa wakiendelea kuzungumza, Mama Pacha alikishika kipanya, akaubonyeza mshale mwekundu. *Uwashe kutuma? Ndiyo.* Sifuri ikawa tano, tano ikawa thelathini. Dakika kumi nzima ule wa kijani haukusogea. Kisha ukaanza. Kumi na nne. Ishirini na mbili. Arobaini.

"Inapanda!" alipiga kelele, akaanza kulia.

"Inapanda? Ngapi?"

"Hamsini. Hamsini na tatu!"

"Ni waya!" Baba Pacha alimkumbatia kichwa, akakibusu juu ya mtandio. "Nilikwambia ni waya! Ulikuwa unahitaji muda. Mama Pacha, kwa mapazia sita umeniokoa."

Na Mama Pacha akalia zaidi, na mumewe akadhani ni furaha.

Ijumaa saa tatu asubuhi faili lilikuwa asilimia tisini na mbili. Hakukuwa na namna ya kungoja. Waliiacha kompyuta pale pale ngazini, mama mwenye nyumba akilalamika, wakaondoka kwa miguu, Mama Pacha mbele na mkono wa mumewe begani. Njiani alihesabu kimoyomoyo. Kama asingeugusa ule mshale, faili lingefika jana mchana. Aliihesabu mara tatu, na mara zote tatu jibu lilikuwa hilo hilo.

Getini mlinzi aliwasukumia kitabu cha wageni.

"Mimi mgeni?" alisema Baba Pacha. "Kijana, mimi nimeingia geti hili wewe ukiwa unatambaa."

"Ndiyo maagizo, mzee. Andika jina, na sababu ya kuja."

Mama Pacha ndiye aliyeandika. Kwenye sababu aliandika *Kazi*.

Chumba kilikuwa na watu wawili: bosi wa utumishi, aliyekuwa na jalada mbele yake, na mkuu wa kitengo cha simu, mwanamke ambaye Baba Pacha mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Baba Pacha alisimama wima akatoa ombi alilokuwa amelikariri njia nzima: anaomba siku tatu tu, mpaka Jumatatu. Faili limefika asilimia tisini na mbili.

"Mzee wangu," alisema bosi, "hapa hatuna safu ya kujaza asilimia. Kuna anaweza, na kuna hawezi."

"Basi nipeni simu moja. Mke wangu anisomee."

Wakatazamana. Mkuu wa kitengo aliinamisha kichwa, akasema acha ajaribu. Simu ikaunganishwa: mama mmoja, mtaa wake hauna maji siku ya tano, anafoka. Baba Pacha alimtuliza kwa maneno manne, akamfanya acheke kwa la tano. Huku akimgeukia mkewe: bonyeza pale juu, andika mtaa, sasa shuka, soma mistari inayofuata. Mama Pacha alisoma na kuandika, vidole viwili, upesi kuliko alivyojijua. Siku tatu mbele ya skrini zilikuwa zimemfunza kitu. Lalamiko likaisha kwa dakika sita.

"Umesahau kujaza chanzo," alisema Baba Pacha. "Hatufungi lalamiko bila chanzo."

"Bomba la kona limepasuka," alisoma Mama Pacha, na akajaza.

Bosi alipiga piga kalamu mezani.

"Nimeona watu wawili wamefanya kazi ya mmoja," alisema hatimaye. "Siwezi kulipa wawili." Akalifungua jalada, akatoa barua iliyokuwa imekwisha kuchapwa, tarehe ya leo, jina la Baba Pacha. Mama Pacha aliiona kabla haijafika mezani. Ilikuwa imechapwa hata kabla hawajavuka geti. "Lakini tunapungukiwa na mtu kwenye chumba cha simu. Kibarua cha miezi sita. Mama, wewe unaweza kuanza Jumatatu."

Mama Pacha alidhani hakusikia vizuri. Akamgeukia mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu wafunge ndoa alishukuru kwamba mumewe hauoni uso wake.

"Chukua," alisema Baba Pacha.

"Baba Pacha..."

"Chukua, mama. Watoto wabaki shule." Alipapasa mezani mpaka akaipata barua yake, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. "Macho yangu yamebaki kazini. Si haba."

Mkuu wa kitengo alitoka nje akijifuta pua.

Walipofika nyumbani faili lilikuwa limekamilika. Liliwatangulia kwa nusu saa. Mama Pacha alibonyeza alipoambiwa abonyeze, akingojea mumewe aikatae, aipige teke, lolote. Lakini Baba Pacha alishuka sakafuni pale ngazini, akavuta stuli, akaweka vidole kwenye vibonye kama mtu anayemshika mtoto mchanga.

"*Karibu*," ilisema kompyuta. Ilikuwa sauti ya mwanamke, tulivu, ya kila mahali na si ya mahali popote.

Baba Pacha alicheka, na machozi yakamshuka. Akabonyeza mshale wa kushuka, sauti ikasoma. Akabonyeza tena, ikasoma. Alifungua picha za pacha, ikamtajia tarehe. Alifungua barua alizokuwa ameandika zamani, ikamsomea mwenyewe maneno yake. Mwanamume aliyekuwa akipapasa miezi minne alikuwa anakwenda mbio ndani ya chumba anachokijua.

"Sasa tuone kilichotuchelewesha," alisema.

"Ya nini tena?" aliuliza Mama Pacha. "Si limefika."

"Miaka kumi na tisa sijafunga lalamiko bila kujaza chanzo. Hili la mwisho ndilo niliache wazi? Programu inaandika kila inachofanya. Ngoja."

"*Ijumaa, saa tano na dakika arobaini. Faili limekamilika.*" Alibonyeza. "*Ijumaa, saa moja na dakika mbili. Vipande vimehakikiwa.*" Akabonyeza tena, na tena, akirudi nyuma. Mama Pacha alishika ukuta. Angesema sasa. Angemaliza kuhesabu hadi tatu, aseme.

"*Alhamisi, saa kumi na dakika tano alasiri. Kutuma kumewashwa na mtumiaji.*"

Kidole cha Baba Pacha kilisimama.

"Kumewashwa?" alisema. "Saa hiyo si ndiyo nilikuwa na Katibu kwenye simu? Mimi sikuwasha kitu." Kisha, taratibu: "Na kinachowashwa, kilikuwa kimezimwa."

"Ni mimi," alisema Mama Pacha. Alipiga magoti mbele yake, mahali pale pale alipopiga magoti jana. "Nilizima mimi, Jumatano, ulipolala. Niliona vinatoka vingi, nikadhani wanatuibia. Sikujua. Haki ya Mungu sikujua, nilikuwa nalinda vitu vyetu. Na jana Katibu aliposema, nikaogopa. Haukuwa waya. Ilikuwa mimi."

"Nilikuuliza mshale wa juu unasomaje."

"Ndiyo."

"Ukasema arobaini."

"Nilikudanganya. Ulisoma sifuri."

Mpangaji mmoja alishuka ngazi, akawaona, akarudi alikotoka. Baba Pacha hakupandisha sauti, na Mama Pacha aliomba aipandishe. Alinyoosha mkono amguse goti, lakini mumewe alikuwa amekwisha kurudisha vidole vyake kwenye vibonye.

"Nisamehe, baba. Sema neno."

"Yako nimeyasikia," alisema Baba Pacha. "Ngoja nisikie na ya mashine."

Akabonyeza. Akabonyeza. Akabonyeza.

"*Jumatano, saa nane na dakika kumi mchana. Kutuma kumezimwa na mtumiaji.*"

Aliirudia mara ya pili, kichwa ameinamisha, kama alivyokuwa akimsikiliza mkewe.

"Ni kweli," alisema. "Jumatatu uamke mapema. Kule hawapendi mtu anayechelewa."

Tangu siku ile hakumuuliza tena skrini inasema nini.